Kila Kitu Kina Kilo

Kazi yangu ni mizani.
Si ile ya washairi; hii ni ya chuma, imelala sakafuni,
ina kioo chenye ufa na namba nyekundu
zinazochelewa kuamka penye baridi.
Kila anayetaka kuruka sharti aipande kwanza,
na mabuti yake, na koti lake la ngozi ya sili,
na aibu yake, kama anayo.
Mchungaji: tisini na nne. (Aliniomba niandike themanini.)
Gunia la barua: kumi na mbili.
Justine Maratse na mimba ya miezi tisa: sabini na moja.
Jeneza, na mzee Utuaq ndani yake: mia na tisa.
Huyo peke yake hakubana pumzi ajipunguze.

Huku mashariki ya Grinlandi barabara ni moja.
Inatoka dukani, inapita kanisani,
inakufa kwenye jaa la taka.
Kwingine kote ni milima, maji, barafu,
na helikopta.

Linakuja jekundu, linatikisa masufuria ukutani,
tumbo kama la mtu aliyealikwa harusi tatu siku moja.
Mgongoni limebeba injini mbili, Kurwa na Doto.
Kurwa akikohoa, Doto huwabeba wote,
ila kwa sharti: usimzidishie.
Ndiyo maana nipo mimi.

Jumanne ile lilikuwa limeshapakiwa
mashine ya kufulia ya shule ya Sermiligaaq.
Redio ikasema: Vittus Pivat yuko mdomoni mwa hori,
barafu imemeguka, inakwenda naye baharini.
Tukaishusha mashine: sabini na tisa.
Tukang'oa viti sita, saba na nusu kila kimoja.
Jogvan, rubani wetu kutoka Visiwa vya Faroe,
alitazama karatasi yangu, hakutazama uso wangu.
Nukaaka wa winchi akafunga mkanda.
Wakaondoka. Masufuria yakanyamaza.

Kilichofuata nilisimuliwa.
Bamba la barafu halikuweza kubeba magurudumu;
lilipinda kwa upepo wa mapanga tu.
Nukaaka akashuka na kamba.
Vittus akaishika, akatikisa kichwa,
akamfunga mbwa.

Mbwa kwanza. Wako tisa.
Sleji ataiacha, bunduki ataiacha,
yeye mwenyewe watajua wenyewe,
lakini mbwa kwanza.

Redio yangu ikakwaruza.
"Mbwa mmoja ni kilo ngapi?"

Miaka kumi na minne napima,
nimepima majokofu, nimepima maiti, nimepima kinanda,
mbwa sijapata kumpima.
Mezani hapakuwa na jedwali la mbwa.
Nikafumba macho.
Nikamkumbuka kiongozi wa mbwa wa baba yangu,
siku alipovunjika mguu nikambeba kutoka ziwani,
nina miaka kumi na sita, theluji magotini,
moyo wake ukinipiga kwenye mbavu.
Mikono ikakumbuka kabla ya kichwa.

"Thelathini na tano," nikasema.

Kimya. Najua alichokuwa anafanya:
mara tisa, jumlisha Vittus, jumlisha mafuta,
halafu ondoa Kurwa, uone kama Doto atasimama angani.
Kimya kingine.
"Tunawachukua."

Walitua saa tisa, giza limeshakaa.
Mbwa walimwagika mlangoni, wawili wakatapika,
Vittus akaja nyuma yao, midomo ya samawati,
anawahesabu kwa kidole.
Mmoja, jike la kijivu lenye sikio lililochanika,
aliingia ofisini akifuata joto,
akapanda mizani bila kuambiwa, akaketi.

Namba zikasitasita, zikaamka.
Arobaini na moja.

Nilizitazama.
Nukaaka alikuwa mlangoni, anavua glavu kwa meno.
Nikabonyeza sifuri.

Mashine ya kufulia ilikaa nje hadi Ijumaa.
Nilipoipima tena, kwa kuwa ndiyo kazi,
ilikuwa na themanini na tatu.
Nikaufungua mlango wake wa kioo:
theluji, hadi pomoni.
Nikaichota kwa mikono, nikaandika sabini na tisa.